Santuri Tano Ambazo Sikuzifungua

Ndugu zangu wa barazani, tangu nirudi mmeniuliza mambo matatu, na kila mmoja wenu amekwisha kujijibu kabla sijafungua kinywa. Mmeuliza kama ni kweli binti yangu Rehema ni tajiri. Mmeuliza kama ni kweli huimba mbele ya marais. Mmeuliza pia kama ni kweli kwamba nilipotea Amerika nikaokotwa na Wakongo. Hilo la tatu lina ukweli kidogo. Nimeamua kuandika kwa sababu magoti yangu hayaniruhusu kuisimulia habari hii nyumba kwa nyumba, na kwa sababu habari ikishapita vinywa vitatu haiwi tena ya mwenyewe.

Tanga hadi Dulles

Habari za viza, tiketi na foleni za ofisi siziandiki; aliyewahi kuzipitia anazijua, na asiyezipitia namwombea heri.

Kwa wale mliohamia mtaani kwetu karibuni: Rehema ni mwanangu wa pekee. Alikwenda Uingereza kusomea ufamasia, akahitimu, na hadi leo anafanya kazi katika duka la dawa la hospitali. Akiwa bado masomoni alikutana na Mwingereza aitwaye Graham, mpiga gitaa. Rehema akaanza kupiga dramu na kuimba. Wakawa kundi la watu wawili tu, bila besi wala kinanda, wakapiga roki ile isiyotegemea makampuni makubwa, wakajiita Mabati. Katika miaka kumi na minne wamerekodi santuri tano. Kila ilipotoka moja, Rehema alinitumia nakala kwa posta.

Sikufungua hata moja. Ilipotoka ya kwanza, kijana wa jirani yetu aliyekuwa akiishi Uingereza alikuja likizo, akasema kwamba Rehema anaimba vilabuni akiwa amelewa, tena nusu uchi. Mimi, niliyekaa kwenye kiti cha hakimu miaka thelathini nikiwakatiza mashahidi kwa swali moja tu, "Uliona au uliambiwa?", sikumuuliza kijana yule swali hilo. Nilimwandikia Rehema kwamba jambo hilo asililete nyumbani kwangu. Baada ya hapo alikuja mara moja, kumzika mama yake, akaondoka siku ya nne. Miaka ikapita, na yule kijana akaja kukiri mbele yangu kwamba hakuwahi kufika hata mji anaokaa Rehema. Aliambiwa. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kuzoea kutozifungua zile santuri; zilikaa kabatini ndani ya nailoni zake, chini ya majalada yangu ya zamani.

Mwaka huu ikaja barua fupi. Sikio la kushoto la Graham linakufa kwa kelele za miaka yote hiyo, na daktari amemkataza kuendelea. Wangezunguka miji tisa ya Amerika, na onyesho la mwisho lingekuwa Washington, Jumamosi, saa tisa alasiri. Aliandika jina la ukumbi na mtaa. "Baada ya hapo hakuna tena Mabati," alisema. "Sikuombi upende, Baba. Nakuomba usikie mara moja."

Nikaziweka zile santuri tano kwenye mkoba wa mkononi, nikasafiri.

Nilipaswa kufika Alhamisi. Ndege ya kwanza ilikaa chini kwa muda wa saa sita ikitafutiwa kifaa ambacho jina lake lilibadilika kila walipotutangazia. Ile ya pili ikatuacha. Nililala kwenye kiti cha chuma, kando ya mama mmoja wa Kihabeshi aliyenimegea mkate wake bila kuniuliza lolote, nami nikaupokea bila kumweleza lolote. Hayo ndiyo mazungumzo bora kuliko yote niliyofanya katika safari hiyo. Nikafika Dulles, uwanja wa ndege wa Washington, Ijumaa jioni, miguu imevimba kiasi cha kukataa viatu.

Ofisa wa forodha, kijana mstaarabu, alifungua mkoba.

"Santuri. Ni za nani?"

"Za binti yangu. Yeye ndiye anayeimba."

"Hongera, mzee. Anaimba muziki gani?"

"Sijui."

Akaniinulia macho. "Hujui?"

"Sijazisikiliza."

"Hii ya kwanza inaonekana ya zamani."

"Ina miaka kumi na minne."

Akaigeuza mara mbili, akamwita mwenzake. Wakazipitisha kwenye mashine yao, moja moja. Siwalaumu. Katika nafasi yao nami ningemtilia shaka mzazi wa namna hiyo.

Herndon

Mwenyeji wangu alikuwa Mbwana, aliyekuwa karani wangu mahakamani Muheza kabla hajahamia Amerika. Sasa anafanya kazi ya zamu katika ghala karibu na uwanja wa ndege. Anakaa Herndon na mkewe, Bi. Tatu, na watoto wawili ambao ukiwasalimia "Hamjambo" wanakujibu kwa Kiingereza kwamba wako vizuri. Mbwana hakuacha desturi yake. Nilipoingia sebuleni alisimama wima, na hakukaa mpaka nilipokaa.

"Mbwana, hapa ni kwako."

"Najua, Mheshimiwa. Magoti ndiyo hayajui."

Bi. Tatu alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nazi ilikuwa ya kopo. Alinitahadharisha mwenyewe kabla sijaonja, kama mshtakiwa anayekiri kosa mapema ili apunguziwe adhabu, nami nikampunguzia.

Tukiwa tunanawa, Bi. Tatu akasoma simu yake, akasema onyesho limehamishwa.

"Limehamishiwa wapi?" nikauliza.

"Woodbridge, kusini huko. Wameandika kwenye kundi letu la akina mama: waimbaji wawili kutoka Uingereza, mume na mke, wamehamishiwa Woodbridge, kesho saa saba."

"Rehema na Graham si mume na mke."

"Wataandikaje 'mtu na mwenzake', Mheshimiwa? Watu wataanza kuuliza."

"Nani ameliona tangazo lenyewe?"

"Kila mtu anasema."

"Kila mtu si shahidi."

"Basi ameandika Mama Asha, naye kaambiwa na shoga yake anayekaa huko huko."

Mbwana alimpigia Rehema mara mbili. Simu yake ya Uingereza haikuita. Sasa nieleweni vizuri: mfukoni mwangu nilikuwa na barua, mwandiko wa binti yangu, ina jina la ukumbi na mtaa. Upande wa pili palikuwa na maneno ya Mama Asha aliyeambiwa na shoga yake. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza angejua lipi la kushika. Lakini nilikuwa nimechoka, kitanda kilikuwa kimetandikwa, na nikajiambia kwamba wanaokaa mahali ndio wanaopajua. Hivyo ndivyo uongo unavyoingia nyumbani. Humkuta mwenye nyumba anasinzia.

Woodbridge

Mbwana alikuwa zamu Jumamosi, kwa hiyo akatutafutia gari la rafiki yake, Papa Deo, Mkongo wa Bukavu ambaye kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani. Bi. Tatu alikuja na mashoga zake wawili. Wote watatu walivaa dera, wakajitanda khanga za sare, wakajifukiza udi hata Papa Deo akateremsha vioo.

"Ba mama, muko munaenda kwenye ndoa?"

"Tunakwenda kwenye muziki wa mtoto wetu," Bi. Tatu akamjibu. "Wewe endesha."

Barabara kuu ya kusini ilijaa magari kana kwamba mji mzima ulikuwa unahama. Nilikaa kimya na mkoba wangu mapajani. Papa Deo akanitazama kwenye kioo.

"Papa, miye nafanyaka kazi na bazee. Muzee akinyamaza hivi, iko na njaa ao iko na kasirani."

"Nina uchovu."

"Ah. Ile haina dawa."

Ukumbi wa Woodbridge ulikuwa wa kanisa la Wakongo na Warundi. Tulipokelewa kwa heshima, tukakalishwa safu ya mbele. Jukwaani palikuwa na watu wawili kweli: mwanamume mwenye gitaa na mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, wakiimba nyimbo za Injili.

Bi. Tatu akaniinamia. "Ndiye huyu, Mheshimiwa?"

"Bi. Tatu, binti yangu namjua."

"Nauliza tu. Watu hunenepa."

Walikuwa Wakongo wa Birmingham. Maonyesho yao yalikuwa yafanyike kanisa la Herndon, yakahamishiwa Woodbridge. Kila neno la Mama Asha lilikuwa la kweli, isipokuwa halikuwahusu tuliowafikiria. Nikatoa barua mfukoni, nikampa Papa Deo. Akasoma mtaa, akatazama simu yake, kisha akanitazama mimi kwa huruma ambayo nadhani huwatazamia wagonjwa wake.

"Hii iko ndani ya Washington kabisa, papa. Ngambo ya kaskazini. Na sasa iko saa saba na nusu."

Tulisimama kutoka. Mlangoni tukazuiwa na mama mmoja aliyejifunga kitenge cha njano.

"Hapana, papa. Mutu hawezi kufika kwetu arudie na tumbo bure."

Nilimweleza kwamba binti yangu anaimba kwa mara ya mwisho maishani, tena saa tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mukule mbio," akasema.

Tukala mbio. Palikuwa na fufu, yaani ugali wao wa muhogo, sombe, ambayo ni kisamvu chetu, iliyopikwa na mafuta ya mawese, na samaki wa chumvi wanayemwita makayabu. Sitasema uongo: nilikuwa na hasira, na chakula kilikuwa kitamu, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana. Tukatoka saa nane kasoro robo, Bi. Tatu amebeba sahani iliyofungwa kwa karatasi ya fedha, ya Rehema.

Kabla ya daraja la mto Occoquan magari yakasimama. Kulikuwa na ajali mbele. Dakika kumi, ishirini, hamsini. Bi. Tatu akajaribu kuniliwaza.

"Wazungu nao huchelewa kuanza, Mheshimiwa."

"Umeona au umeambiwa?"

Hakusema tena neno mpaka mjini. Nilitamani aseme. Nilihesabu nguzo za taa upande wa kulia, nikafikiria kwamba nimevuka bahari mbili ili nije nikose jambo hili kwa kosa lile lile, la mtu yule yule.

Mjini Washington

Tulifika saa kumi kasoro dakika kumi. Ukumbi ulikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la baiskeli, na mlangoni palikuwa na msichana mwenye pete puani na muhuri mkononi.

"Naomba mkono wako, bwana."

Nimegonga mihuri maelfu katika maisha yangu. Sijawahi kugongwa. Nikatoa mkono.

Ndani palikuwa na watu wasiozidi sitini, karibu wote wamesimama, mikono wameikunja kifuani, vichwa vikitikisika kidogo. Hapakuwa na aliyecheza wala aliyesema.

"Hawa wamefiwa?" Bi. Tatu akanong'ona.

Jukwaani, nyuma ya dramu, alikuwa Rehema. Kwa kumbukumbu: alivaa shati jeupe la mikono mirefu, amefunga kilemba. Kando yake palikuwa na chupa, nami niliionja baadaye, yalikuwa maji. Graham alisimama amegeuza sikio zima upande wake. Wakati wote niliokuwapo hakumwondolea macho, kama mtu anayesoma midomo.

Mzee mmoja wa Kimarekani mwenye ndevu nyeupe aliona ninavyosimama, akanipa kigoda chake. Nikakaa. Rehema akaniona. Mikono yake haikusita, lakini uso ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Nyimbo mbili zikapita. Kisha ukaja wimbo wa taratibu, na hapo ndipo Bi. Tatu alipofungua mkoba. Ninyi mnajua kitakachofuata, kwa kuwa ni watu wa Tanga. Wao hawakujua. Bi. Tatu alinyoosha noti hewani, akaanza kupita katikati ya watu kwa hatua ndogo ndogo, mabega yakicheza, mashoga zake nyuma yake kwa mstari, kama tunavyomtunza mwimbaji katika taarabu. Watu wakampisha kwa hofu. Nadhani walidhani ni maandamano. Mlinzi akatoka pembeni akipunga mikono, Bi. Tatu akamzunguka bila kupoteza mdundo, akapanda jukwaani, akambandika Rehema noti kwenye paji la uso lenye jasho. Ikashika.

Rehema akacheka. Alicheka huku akipiga, na sikuwa nimeusikia mcheko huo tangu alipokuwa msichana wa shule.

Shoga wa pili alimtunza Graham, akamchomekea noti kwenye kola ya shati. Graham akaitazama noti, akamtazama Rehema, na Rehema akamwambia neno ambalo sikulisikia. Basi akainamisha kichwa, kwa heshima kabisa, kama mtu anayevishwa nishani. Hapo watu wakaelewa. Kijana mmoja akatoa dola. Halafu mwingine. Waliokuwa wamekunja mikono wakaanza kupanda mmoja mmoja, kwa aibu, bila kujua miguu iende vipi, na mlinzi akaishia kuwashika mkono wasijikwae kwenye nyaya.

Mimi sikupanda. Sijawahi kumtunza mwimbaji, na magoti yangu ni mashahidi. Lakini Rehema alitazama upande wangu wakati foleni ile ikipita, mara moja, mara ya pili, na ya tatu hakutazama. Nilikaa na mkoba wangu mapajani.

Wakapiga wimbo mmoja zaidi. Graham akashukuru watu kwa maneno machache, akachomoa waya wa gitaa, akauviringa kiwikoni kama mtu anayemaliza kazi ya siku. Mabati wakawa wamekwisha.

Kwenye meza walipokuwa wakiuza fulana, yule mzee wa kigoda alinifikia. Jina lake Walter, mchora ramani mstaafu wa serikali, anakaa Bowie, nje ya mji. Amewafuata Mabati miaka yote, na kwa mdomo wake, mbele ya Graham aliyekuwa akiitikia kwa kichwa, ndipo nilipoyajua mambo ambayo baba alipaswa kuyajua. Kwamba santuri ya kwanza ilichapwa nakala mia tatu tu, na walizifunga wenyewe sakafuni. Kwamba kundi fulani lililokuwa likitanguliwa nao jukwaani lilikuja kujaza viwanja, na mpigo wa dramu wa wimbo wao maarufu ni wa Rehema, na hawakumtaja. Kwamba kampuni iliyotoa santuri ya tatu ilifungwa wiki ile ile, na santuri zikafungiwa ghalani miezi minane. Kwamba gazeti moja kubwa liliwasifu kwa aya moja, na aya hiyo Walter anaijua kwa moyo. Kwamba baina ya safari na safari Graham hupaka rangi nyumba za watu na Rehema hurudi kwenye dawa zake.

"Kwa nini hawakujulikana?" nikamuuliza.

"Nimejiuliza miaka mingi," akasema Walter. "Sina jibu ninaloliamini."

Nikampenda kwa jibu hilo.

Ndipo alipouona mkoba ulio wazi. Akaivuta santuri ya kwanza kwa ncha za vidole, na sauti yake ikabadilika.

"Haijafunguliwa. Miaka yote hii, hukuifungua. Bwana, sijawahi kumwona mtu aliyewapenda kiasi hiki."

Aliwaonyesha watu. Wakaizunguka, wakapiga picha. Wapo wanaoziweka hivyo kwa thamani yake, kumbe. Rehema alikuwa amesimama nyuma ya Walter, bado ana alama ya noti kwenye paji la uso. Alizitazama zote tano.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Hukuzifungua."

"Sikuzifungua."

"Leo umesikia kiasi gani?"

"Nyimbo nne za mwisho. Nilipelekwa Woodbridge."

Akatikisa kichwa, akaenda kusaidia kubeba dramu. Bi. Tatu akamfuata na sahani ya sombe.

Bowie

Walter huwapokea Mabati nyumbani kwake ili wasilipe hoteli, na akanilazimisha nami nije. Bowie ni mahali pa nyumba kubwa zilizotengana, ambapo huwezi kununua hata kiberiti bila gari. Rehema alikwenda kulala mapema. Mimi sikuweza, mwili wangu ulikuwa bado Tanga, na huko kumeshakucha.

Asubuhi, Walter na mimi tulikuwa wa kwanza kuamka, kama wazee wa kila nchi. Akanipa uji wa shayiri usio na sukari wala chumvi. Nilipoumaliza nikamwomba kisu.

"Cha nini?"

Nikaweka santuri ya kwanza mezani. Walter akaweka kijiko chini.

"Nina nakala yangu. Tusikilize yangu, hii ibaki ilivyo. Nakusihi. Labda hakuna nyingine duniani."

"Ndiyo sababu," nikasema.

Nikaipasua nailoni. Walter akageukia dirishani, kama mtu asiyetaka kuona kuku akichinjwa. Kisha akanyoosha mikono, akaipokea ile sahani nyeusi, akaiweka kwenye mashine yake.

Kitu cha kwanza kusikika kilikuwa mvua juu ya bati. Mvua kubwa. Halafu sauti ya mwanamume kwa mbali, kavu, yenye haraka, ikijaribu kuishinda mvua: "Mahakama haisikii. Shauri linaahirishwa hadi mvua ikome." Ndipo zikaingia dramu.

Ilikuwa sauti yangu.

Jengo letu la Muheza halikuwa na dari, mnakumbuka. Mvua ikinyesha, shahidi angeweza kupiga kelele mpaka apasuke na nisingepata neno. Wenzangu wengine waliandika tu walichokisia. Mimi niliahirisha, kila mara, na watu walininung'unikia kwa hilo.

"Huyu bwana," Walter akasema, "tumebishana juu yake miaka yote. Wengine wanasema ni sala. Mmoja wa Uskoti anaapa kwamba ni tangazo la garimoshi. Unaelewa anachosema?"

"Anasema tusubiri mvua ikome. Hawezi kuhukumu jambo ambalo hakulisikia."

Nyuma yetu ngazi ikatoa mlio. Rehema alikuwa amesimama katikati, amejifunga khanga ya mama yake.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja," akasema. "Ilikuwa redio ya kaseti ya Mama. Nilikuwa nakusubiri chini ya dirisha la mahakama nikaibonyeza tu. Nilidhani ukiisikia utacheka."

Walter, ambaye hakuelewa Kiswahili chetu lakini alielewa kwamba kuna jambo, alinyanyua sindano. Akauliza kwa upole:

"Na mvua ikikoma, huyo bwana hufanya nini?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, ili wote wawili wasikie. "Shahidi huanza upya tangu neno la kwanza. Yale yaliyosemwa ndani ya mvua hayahesabiwi."

"Hata kama shahidi amechoka?" Rehema akauliza.

"Hata kama amechoka. Ila hakimu kwanza humwomba radhi kwa kumchelewesha."

"Sikuwahi kukusikia ukimwomba mtu radhi."

"Ulikuwa chini ya dirisha. Mvua ilikuwa kubwa."

Hakucheka. Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya mwisho. "Basi omba, Baba."

Nikasimama, kwa sababu jambo hilo halisemwi mtu akiwa amekaa. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu kwa maneno ya kuambiwa."

Aliipindapinda ncha ya khanga. Graham alikuwa ametokea mlangoni na kikombe cha chai, sikio zima limeelekezwa kwetu. Kisha Rehema akamgeukia mwenye nyumba.

"Walter," akasema, "rudisha sindano mwanzo."

Tulisikiliza zote tano. Nilizifungua mwenyewe, moja baada ya nyingine, na ilipofika ya mwisho Walter ndiye aliyenishikia kisu.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kama ya kwenda, na uchovu wake bado haujanitoka. Naandika haya nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Rehema na Graham waliondoka Jumatatu. Graham atapaka rangi nyumba. Rehema ana zamu zake. Amesema atakuja mwezi wa Ramadhani, na kwa kuwa alisema mwenyewe, mbele yangu, naliweka hilo katika mambo ninayoyajua.

Sasa niwajibu. Si tajiri. Hajaimba mbele ya rais yeyote. Watu niliowaona kwa macho yangu walikuwa karibu sitini. Na kama mtaniuliza muziki wenyewe ukoje, kama kweli unastahili miaka kumi na minne ya mtu, sitawaambia. Hayo yatakuwa ni maneno ya kuambiwa.

Nimeazima mashine ya santuri kwa fundi wa Ngamiani. Njooni Alhamisi baada ya alasiri, kila mtu na masikio yake. Na mvua ikinyesha juu ya bati langu, tutasubiri ikome.